Maji Yanayopita, Mto Unaobaki

Kila mwaka, mwanzoni mwa Oktoba, barabara ya Kancamagus katika milima ya White Mountains, jimbo la New Hampshire nchini Marekani, hujaa magari. Barabara hiyo inaunganisha miji ya Lincoln na Conway, na upande wake wa mashariki inafuatana na Swift River, mto wa mawe makubwa na maji baridi yaendayo kasi. Wakati huo miti ya mepo, ile ambayo jani lake limo katika bendera ya Kanada, huwa imegeuka nyekundu, na mibetula imekuwa ya manjano. Kando ya maji husimama wapiga picha na stendi zao za miguu mitatu. Baadhi yao bado wanatumia filamu ya slaidi, ile isiyopitia negativu: kipande kilekile kilichokaa ndani ya kamera ndicho kinachorudi kikiwa picha kamili ya rangi, tayari kumulikwa kwa nyuma na kutazamwa.

Mpiga picha wa namna hiyo huacha kilango cha kamera wazi kwa sekunde mbili, nne, pengine nane. Filamu ikisharudi kutoka kusafishwa, mawe yanaonekana makali, majani yanaonekana hadi mishipa, lakini maji hayana tone hata moja. Yamekuwa utando mweupe wa hariri unaoteleza juu ya miamba. Na hapo ndipo shutuma huanza: hakuna jicho la binadamu lililowahi kuona maji ya namna hiyo, kwa hiyo picha ni uongo uliopambwa.

Shutuma hii inastahili kujibiwa kwa uzito, kwa sababu chini yake kuna swali ambalo wanafalsafa na wanateolojia wamelihangaikia kwa miaka ipatayo elfu mbili na mia tano: kipi hasa ndicho kilichopo, kinachopita au kinachobaki? Anayesimama kando ya Swift River analijibu kwa kidole chake. Akichagua sehemu ya mia tano ya sekunde, atapata matone yaliyoning'inia hewani. Akichagua sekunde nne, atapata hariri. Hawezi kukwepa kuchagua, na kila chaguo ni msimamo kuhusu mto ni kitu gani.

Kihistoria, hariri ndiyo iliyotangulia. Louis Daguerre alipoipiga picha barabara ya Boulevard du Temple mjini Paris mwaka 1838, bamba lake lilihitaji dakika kadhaa za mwanga. Farasi, mabehewa na wapita njia wote walitoweka. Barabara iliyokuwa na shughuli nyingi ikaonekana tupu, isipokuwa mtu mmoja aliyesimama akipigwa viatu rangi, na umbo hafifu la aliyekuwa akimpiga. Hao wawili wanahesabiwa kuwa miongoni mwa binadamu wa kwanza kabisa kuonekana katika picha, na sababu ni moja tu: walikaa mahali pamoja muda wa kutosha. Carleton Watkins alipokwenda bonde la Yosemite mwaka 1861 akiwa na mabamba ya kioo ya upana wa zaidi ya nusu mita, maporomoko yake pia yalitoka kama moshi mweupe. Hakuwa akitafuta pambo. Kemikali za zama zake hazikuwa na uwezo wa kufanya vinginevyo.

Eadweard Muybridge ndiye anayeionyesha njia panda hiyo waziwazi. Mwaka 1872 alipiga picha maporomoko ya Yosemite kwa mabamba makubwa, na maji yake yakawa hariri tupu. Miaka sita baadaye, huko Palo Alto, mtu huyohuyo alipanga kamera kwa safu, akamkamata farasi anayekimbia na kuthibitisha kwamba kuna nukta ambapo miguu yote minne imeacha ardhi. Hakuna jicho lililokuwa limeiona nukta hiyo. Watu wengi waliiamini, wakaiita sayansi. Hakuna jicho lililokuwa limeiona hariri pia, lakini hiyo waliichukulia kuwa kasoro.

Si wote waliokubali. Mchongaji Auguste Rodin, katika mazungumzo yake na Paul Gsell yaliyochapishwa mwaka 1911, alidai kwamba msanii anayemchora farasi kwa namna isiyolingana na kamera ndiye msema kweli, na kamera ndiyo mwongo, kwa kuwa katika maisha halisi wakati hausimami. Miaka michache kabla yake, mwaka 1907, mwanafalsafa Henri Bergson alikuwa ameandika kwamba akili ya binadamu ina mazoea ya kukata mwendo vipande vipande kama mashine ya sinema, kisha kudhani kwamba vipande hivyo ndivyo mwendo wenyewe. Kwa hoja za wawili hao, tone la maji lililoganda hewani ndilo linalopaswa kujieleza mahakamani. Hariri, angalau, imekubali kwamba maji yanakwenda.

Kuna anayeweza kusema: basi tuache yote mawili, turudi kwenye jicho. Lakini jicho nalo halioni nukta. Mtoto akizungusha kijinga cha moto gizani, wanaomtazama huona duara zima la moto, ingawa kwa kila nukta moto uko mahali pamoja tu. Jicho hukusanya mwanga kwa muda mfupi kabla ya kuupeleka kwenye ubongo kama picha moja. Yaani jicho lina kilango chake, na kilango hicho kina mwendo wake. Kukifanya kipimo cha ukweli wote ni kudai kwamba ulimwengu uliumbwa kulingana na kasi ya mboni ya binadamu.

Mtu aliyelichambua jambo hili kuliko wengi alikuwa Mwafrika. Agustino alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, ambao leo ni Souk Ahras nchini Algeria, akafa mwaka 430 akiwa askofu wa Hippo. Katika kitabu cha kumi na moja cha Maungamo yake anauliza wakati uliopo una urefu gani. Je, karne yaweza kuwa wakati uliopo? Hapana, kwa maana mwaka mmoja tu ndio uliopo na mingine imepita au haijafika. Mwaka je? Mwezi? Siku? Saa? Anaendelea kukata mpaka anafika kwenye kitu kisicho na upana wowote. Kama kingekuwa na upana, kingegawanyika tena kuwa kilichopita na kijacho.

Hoja hiyo inaigusa kamera moja kwa moja. Sehemu ya mia tano ya sekunde ina upana. Hata Harold Edgerton wa chuo cha MIT, aliyetumia mwako mfupi mno wa taa kulinasa taji la maziwa tone linapoanguka, katika picha yake maarufu ya mwaka 1957, hakuipiga nukta ya Agustino. Alipiga muda, mfupi sana, lakini muda. Hakuna picha ya "sasa" popote duniani. Kuna picha za muda mfupi na za muda mrefu, na tofauti kati ya tone lililoganda na maji ya hariri ni tofauti ya kiasi. Kwa hiyo anayesema kwamba moja ni ukweli na nyingine ni uongo ana kazi ya kueleza mpaka uko wapi, na hataupata.

Agustino hakuishia kwenye kukata. Alihitimisha kwamba wakati hupimwa ndani ya nafsi: yaliyopita yamo katika kumbukumbu, yajayo katika matarajio, na yaliyopo katika uangalifu. Mtu akiimba wimbo anaoujua, wimbo mzima uko naye, sehemu ukiwa umeshatoka kinywani na sehemu ukiwa bado. Zaidi ya karne kumi na tano baadaye Mwafrika mwingine alipita njia tofauti. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza wakati kuwa ni mkusanyiko wa matukio; pasipo tukio hakuna wakati wa kuhesabu. Aliyagawa matukio hayo katika Sasa na Zamani, Sasa ikiwa na upana wa kutosha kuyabeba yanayotendeka, yaliyotoka kutendeka na yaliyo karibu kutendeka. Madai yake kwamba fikra za asili za Kiafrika karibu hazina wakati ujao wa mbali yamepingwa vikali na wanafalsafa wengine wa bara hili, na yafaa yaendelee kuchunguzwa. Ila hili la Sasa yenye upana linasimama. Picha ya sekunde nne ni picha ya tukio la namna hiyo: maji yaliyofika, yanayopita na yanayoondoka yamekaa katika fremu moja, na hakuna aliyeyafukuza.

Ndipo swali la mto linaporudi. Heraklito wa Efeso, aliyeishi takriban miaka 500 kabla ya Kristo, anakumbukwa kwa fundisho kwamba hakuna awezaye kuingia mara mbili katika mto uleule. Fundisho hilo kwa kawaida husomwa kama malalamiko: kila kitu kinapotea. Lakini kimoja kati ya vipande vya maneno yake vinavyoaminika zaidi kina maana iliyo karibu na kinyume: mito inabaki ileile, na wanaoingia humo hukutana na maji mengine na mengine tena. Mto haubaki licha ya maji kupita. Unabaki kwa sababu yanapita. Yazuie yasiende, na mto umekwisha. Kilichopo ni bwawa.

Picha ya hariri inalionyesha jambo hili kuliko maelezo yoyote. Kila tone lililopita mbele ya lenzi liliacha alama yake kwenye filamu, kisha likaondoka. Hakuna hata moja lililobaki. Lakini jumla ya alama zao imechora umbo: hapa maji yanapinda kulizunguka jiwe, hapa yanapanda kidogo kabla ya kuanguka, hapa yanazunguka na kurudi nyuma. Umbo hilo halimo katika tone lolote. Sehemu ya mia tano ya sekunde haiwezi kulionyesha, kwa kuwa katika muda huo halijapata nafasi ya kutokea. Anayetaka kuona maji atumie kasi. Anayetaka kuuona mto hana budi kungoja.

Japani, ambako safari za kwenda kutazama majani yaliyogeuka rangi ni desturi ya karne nyingi, walilitazama jambo hili kwa macho ya Kibuddha. Kamo no Chōmei, mshairi aliyekuwa na nafasi katika duru za kifalme kisha akawa mtawa, aliandika Hōjōki mwaka 1212 akiwa katika kibanda chenye upana wa takriban mita tatu, na alianza na mto usiokoma ambao maji yake si yaleyale kamwe, akalinganisha mapovu yake na watu na nyumba zao. Kwake hiyo ilikuwa sababu ya kutojishikiza na chochote. Leo wapiga picha wa Kijapani hujipanga kila Oktoba kando ya kijito cha Oirase, kinachotoka ziwa Towada katika mkoa wa Aomori, wakipiga maji hayo ya hariri chini ya majani ya manjano.

Wanateolojia wa Kiislamu wa madhehebu ya Ash'ari, ambayo mafundisho yake yalifika pia katika vyuo vya pwani ya Afrika Mashariki, walikwenda mbali zaidi. Kwao sifa za vitu, kama vile rangi na mwendo, hazidumu nukta mbili mfululizo. Mwenyezi Mungu huziumba upya kila nukta. Kinachoonekana kudumu ni uaminifu wa Muumba katika kuumba tena. Kwa mtazamo huo, hata jiwe lililo kavu katikati ya Swift River linapewa kuwepo kwake upya, kama maji yanayolipita. Sura ya An-Naml, aya ya 88, inasema kuhusu milima inayodhaniwa kuwa imetulia ilhali inapita kama mawingu. Wafasiri wengi wanaielekeza aya hiyo kwenye siku ya Kiyama, na hapana haja ya kuivuta kuelekea kwenye kamera. Inatosha kuona kwamba swali la kilichotulia na kinachopita si la wapiga picha peke yao.

Vitabu vitakatifu viliyaweka maji na majani pamoja zamani. Sura ya Az-Zumar, aya ya 21, inafuata maji kutoka mbinguni hadi chemchemi, kisha mimea ya rangi mbalimbali, kisha kunyauka na kuwa ya manjano, kisha kuvunjika vipande, na inasema katika hayo mna ukumbusho kwa wenye akili. Isaya 64 inawalinganisha watu na jani linalonyauka. Mhubiri, sura ya kwanza, anaitazama mito yote ikiingia baharini na bahari isijae. Na jani, linapotajwa, ni somo la kuisha.

Sayansi ya jani inaongeza kitu kwenye somo hilo, na inalitatiza kwa namna inayofaa kusikilizwa. Jani la kijani lina rangi ya manjano ndani yake tangu lilipochanua. Karotenoidi ziko humo majira yote ya joto, zikiwa zimefunikwa na wingi wa klorofili. Siku zinapofupika mti huacha kutengeneza klorofili mpya, iliyopo huvunjika, na manjano hutokea. Hapa wahubiri wamepata mfano mzuri: rangi ya kweli huonekana mwisho, kinachofunika kikiondolewa. Lakini nyekundu ya mepo haifuati mfano huo. Anthosianini, inayoleta wekundu huo, kwa sehemu kubwa haikuwepo. Mti huitengeneza wakati huohuo wa kuaga, kwa kutumia sukari iliyonaswa ndani ya jani, na siku za jua zikifuatwa na usiku wa baridi usiofikia kuganda huifanya ikolee zaidi.

Kwa nini mti utumie mali kulipamba jani ambalo utaliangusha baada ya siku chache? Wanasayansi hawajaafikiana. Wapo wanaosema nyekundu ni kinga dhidi ya jua kali wakati mti unarudisha naitrojeni kutoka jani hadi kwenye matawi. Mwaka 2001 ilichapishwa dhana ya William Hamilton na Sam Brown kwamba rangi kali ni onyo kwa wadudu wanaotafuta mahali pa kutagia. Vyovyote itakavyothibitika, mti haunyauki tu. Unafanya kazi. Henry David Thoreau alilihisi hili kabla ya kemia kulieleza: katika insha yake kuhusu rangi za majira hayo, iliyotoka katika jarida la The Atlantic Monthly Oktoba 1862, miezi mitano baada ya kifo chake, alikataa kuliita badiliko la jani kufifia, akaliita kuiva. Alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu alipokuwa akiitengeneza insha hiyo kwa ajili ya kuchapwa. Ushahidi wake una uzito wa mtu aliyelipia maneno yake.

Filamu ya slaidi nayo ina siri inayofanana na ya jani la manjano. Katika usafishaji uitwao E-6, filamu huingia kwanza kwenye dawa yenye joto la nyuzi 38 za Selsiasi kwa muda wa dakika sita hivi. Dawa hiyo hukuza sehemu zilizoguswa na mwanga, na hapo huzaliwa negativu ya fedha ambayo hakuna atakayeiona. Kisha chumvi za fedha zilizosalia, zile ambazo mwanga haukuzifikia, ndizo zinazokuzwa na kuzaa rangi. Mwishoni fedha yote huondolewa. Kinachobaki kwenye slaidi ni rangi iliyoota pale mwanga ulipokosekana. Penye mwanga mwingi hapana kitu: ni plastiki tupu inayopitisha taa.

Kwa hiyo yale maji meupe ya Swift River, kwenye slaidi, yanakaribia kuwa utupu. Ndiyo maana wapiga picha wa slaidi hupima mwanga kwa kuutazama weupe wa maji kwanza, na hupenda siku ya mawingu. Filamu hii haisamehi. Kukosea kwa nusu hatua tu huonekana, na maji yaliyopata mwanga kupita kiasi hayawezi kurudishwa na fundi yeyote, kwa kuwa hakuna kilichoandikwa. Mwanga uliozidi hauachi picha. Katika Kutoka 33 Musa anaambiwa kwamba hakuna mwanadamu atakayeuona uso wa Mungu akaishi, na katika Al-A'raf, aya ya 143, mlima unasagika Mola anapodhihirika kwake. Fundi wa kamera hana haja ya kudai kwamba anaifahamu siri hiyo, lakini anafanya kazi kila siku mahali ambapo kuona kunawezekana kwa sababu mwanga umepewa kipimo.

Na uangalifu wa filamu una kikomo. Fujifilm ilitoa Velvia mwaka 1990, filamu ya kasi 50 iliyopendwa kuliko zote na wapiga picha wa mandhari. Kilango kikiwa wazi kwa muda mrefu, filamu hiyo hupoteza sehemu ya wepesi wake wa kupokea mwanga, na rangi zake huvutwa kuelekea kijani. Maelekezo ya kiwanda kwa sekunde nne ni kuongeza mwanga kidogo na kuweka kichujio cha majenta. Kwa sekunde 64 yanashauri kutoitumia kabisa.

Velvia inaleta shutuma ya pili, na hii ina mashiko kuliko ile ya hariri. Rangi zake zimekolezwa. Mepo iliyo nyekundu hutoka nyekundu zaidi, kuvu za kijani juu ya jiwe hung'aa kuliko zilivyong'aa. Sekunde nne za maji zilipita kweli pale mtoni, na yeyote aliyekuwepo angeweza kuzihesabu. Ule wekundu wa ziada haukuwepo mtoni, uliamuliwa na wanakemia kiwandani kabla mpiga picha hajatoka nyumbani. Kama kuna uongo katika picha za majira haya, hapa ndipo pa kuutafuta. Hata hivyo haki itendeke pande zote. Jicho pia hurekebisha rangi: kivuli chini ya anga safi huwa na ubluu ambao ubongo huufuta, na slaidi huuonyesha ulivyo. Wakati mwingine anayetia chumvi ni filamu, wakati mwingine ni mtazamaji.

Eliot Porter aliishi ndani ya maswali haya. Alizaliwa mwaka 1901, akasomea udaktari Harvard na kufundisha huko, kisha, baada ya Alfred Stieglitz kuonyesha picha zake mjini New York katika majira ya baridi ya mwaka 1938 na 1939, akaiacha maabara. Wengi wa wapiga picha walioheshimiwa wakati huo waliona picha za rangi ni za matangazo ya biashara. Porter alishikilia rangi. Picha yake ya dimbwi katika kijito cha Pond Brook, New Hampshire, ina majani yaliyoanguka na maji yaliyobeba anga, na jina aliloipa linabeba tarehe: 4 Oktoba 1953. Mwaka 1962 shirika la Sierra Club lilichapisha kitabu chake kilichounganisha picha hizo na maandishi ya Thoreau, na kitabu hicho kikabadilisha mtazamo wa Wamarekani wengi kuhusu misitu na mito yao.

Mwaka uliofuata ukatoka kitabu kingine, cha huzuni. Porter alikuwa amesafiri katika bonde la Glen Canyon, ambamo mto Colorado ulipita kati ya kuta za mawe mekundu kwenye mpaka wa Utah na Arizona. Mwaka 1963 milango ya bwawa lililojengwa hapo ilifungwa, na maji yakaanza kupanda mpaka ziwa Powell likajaa mwaka 1980. Kuta alizozipiga picha zilizama. Slaidi zake zilihifadhi kila mkunjo wa jiwe na kila mng'ao wa maji, lakini hazikuuhifadhi mto. Kitabu kiliwatia uchungu watu wengi na kusaidia kuzuia mabwawa mengine, hasa katika Grand Canyon. Hiyo ni kazi kubwa. Bado, anayefikiri kwamba kupiga picha ni kuokoa, akitazame kitabu hicho kwa makini. Kinachodumu kwenye filamu ni ushahidi kwamba kitu kilikuwepo, na ushahidi si badala ya kitu.

Hata ushahidi wenyewe hupita. Kodachrome, iliyobuniwa na wanamuziki wawili, Leopold Mannes na Leopold Godowsky, na kuuzwa kuanzia 1935, huhifadhi rangi zake kwa miongo mingi ikiwekwa gizani, lakini chini ya taa ya projekta hufifia haraka kuliko filamu za E-6. Kila onyesho hula sehemu ya picha. Utengenezaji wake ulikomeshwa mwaka 2009, na maabara ya mwisho kuisafisha, huko Parsons, Kansas, iliacha kupokea filamu mwishoni mwa Desemba 2010. Ektachrome iliondolewa sokoni pia, kisha ikarudi mwaka 2018.

Ikiwa hoja ya insha hii ina nguvu, basi hukumu juu ya maji ya hariri ni hii: picha hiyo ni ya kweli, kwa sharti kwamba muda wake umetajwa. Porter aliandika mahali na tarehe chini ya picha zake, na wengi wamemfuata. Kinachokosekana ni urefu wa muda ambao kilango kilikuwa wazi, nao ndio unaomwambia mtazamaji anatazama kipande gani cha dunia. Wapiga picha wauandike, iwe ni Swift River, Oirase au Thomson's Falls pale Nyahururu. Wahariri wa magazeti na waandaaji wa maonyesho wasiukate kwa kisingizio cha nafasi.